Nywele za Kwanza za Jairo

Iquitos, Jumatano 4 Machi

Mzazi mwenzangu Genaro,

Salamu kwako, kwa Zoila na kwa mwanangu wa ubatizo, Jairo. Kikohozi chake kimekwisha? Mimi ni mzima wa kutazamwa tu.

Jumapili, kwenye mashindano yetu ya voliboli, sisi mashoga wa mjini, walileta hema la kupima virusi. Tuliingia kumi na wanane. Wawili tulitoka na majibu mabaya. Nimeshaanza dawa: kidonge kimoja, saa moja kamili asubuhi, kabla sijafungua saluni.

Miaka minne, Genaro, kila uliposhusha ndizi zako bandarini ulilala kwangu. Kila mara niliweka kondomu kwenye mto wa kulalia, na kila mara ulicheka: “Nani anakula ndizi na ganda lake?” Na mimi, mjinga, nikacheka nawe. Mara ya mwisho kupima ni miezi kumi na minne iliyopita, nikakutwa salama. Tangu hapo sijalala na mwingine. Hesabu mwenyewe.

Zoila yuko wiki ya ishirini na sita. Pimeni wote wawili. Akikutwa navyo na akaanza dawa sasa, mtoto anaweza kuzaliwa salama.

Mzazi mwenzako,
Nolberto


Santa Rufina, 14 Machi

Hujambo, fundi wa mikasi?

Huku wote wazima. Jairo anakimbiza kuku kutwa.

Barua yako nimeitia jikoni, ikaungua. Nolberto, mimi ni mwanaume. Ugonjwa ule unampata anayelala chini, si aliye juu. Hata wapagazi wa bandarini wanalijua hilo. Nabeba mikungu arobaini kwa siku, sijaumwa hata jino. Mimi si mmoja wenu wa voliboli.

Nikimpeleka Zoila zahanati nimwambie nini? Kijiji kitajua kabla sijafika nyumbani. Usiniandikie tena haya. Zoila anajua kusoma.

Baba Jairo


Iquitos, Jumatano 25 Machi

Mzazi mwenzangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mto naona umejaa. Angalieni mtoto asikaribie maji.

Matusi yako nimeyapokea. Virusi haviulizi nani alikuwa juu. Nilimuuliza muuguzi, akasema wanaume wengi wa aina yako huja wamechelewa, wamekonda, wakiwa bado wanabisha.

Basi sikuombi ukiri lolote. Nywele za kwanza za mtoto hukatwa na baba yake wa ubatizo, na Jairo ana miaka miwili, nywele ziko mabegani, watu wanamwita binti. Mlete, pamoja na mama yake. Waambie mnakuja kwangu kumnyoa. Kutoka kwenye kiti changu mpaka kliniki ya wajawazito ni hatua mia mbili na arobaini, nimezihesabu. Kila mjamzito anapimwa pale, hakuna anayeulizwa sababu. Siri yako itabaki yako.

Leo ni wiki ya ishirini na tisa. Boti inafika hapa kila Jumamosi. Nitakuwa gatini.

Genaro, nakuomba. Sijawahi kumwomba mtu kitu tangu niondoke kwa baba na mkasi mmoja.

Nolberto


Iquitos, Jumatano 22 Aprili

Mzazi mwenzangu Zoila,

Hujambo, dada? Miguu imevimba? Kaa kwanza ndipo usome. Bibi Teolinda, mpishi wa boti, nimemwambia akupe barua hii mkononi mwako, si mwa mwingine.

Jumamosi nne nimesimama gatini. Jumamosi iliyopita Bibi Teolinda aliniletea bahasha ya Genaro. Ndani hapakuwa na hata neno moja. Zilikuwa nywele za Jairo, zimekatwa kwa kisu.

Nimeelewa: mimi si mzazi mwenzenu tena. Sawa. Lakini leo ni wiki yako ya thelathini na tatu, na aliye tumboni hajanikosea kitu.

Zoila, nina virusi vya Ukimwi. Fikiria mwenyewe kwa nini nakuandikia wewe; ukilipata jibu utanichukia, na una haki. Nichukie ukiwa umeshapimwa. Usimsubiri Genaro. Usimuage. Panda boti hiyo hiyo iliyoleta barua, Bibi Teolinda atakupa nafasi jikoni kwake.

Mchukue Jairo. Nitamsawazisha nywele wakati unasubiri majibu, halafu uniulize chochote. Nitajibu yote.

Nipo gatini Jumamosi.

Nolberto