Paa Waliozoea Sauti Yangu

Ghubra, Maskati
Shaaban, 1967

Dada yangu Zuwena,

Salamu zangu zikukute uzimani, wewe na Mama na watoto. Vipi miguu ya Mama, bado inamvimba akikaa sana jikoni? Na kifua chako je? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ingawa nimekonda na meno mawili ya nyuma yameshaniaga. Barua hii haipiti posta, anakuja nayo mtu wa kuaminika. Najua wewe ndiye unayemsomea Mama barua zangu. Hii isome peke yako kwanza, mlango ukiwa umefungwa.

Bado niko kwenye shamba la Sheikh Hilal. Mitende, ndimu, kisima ambacho maji yake huvutwa na ng'ombe, na vumbi. Sheikh mwenyewe alikaa Unguja ujanani na Kiswahili anakijua, lakini hapa haji ila Ijumaa. Wafanyakazi wenzangu Kiarabu changu kinawachekesha, basi siku nzima nazungumza na punda. Punda huyo sasa ana Kiswahili kizuri kuliko binamu zetu wote wa huku.

Mwaka jana Sheikh alilimisha kipande mwisho wa shamba, pale linapopakana na bonde kavu linaloteremka kutoka milimani, akapanda qatti, yale majani mabichi wanayolishia mifugo. Lakini hayakuwa ya mifugo. Alitaka paa washuke kula, wageni wake wapate kuwinda bila ya kuhangaika majabalini. Paa walishuka kweli, asubuhi na alasiri. Wafanyakazi wakafurahi, wakawa wanakaa juu ya ukuta kuwatazama, na haikupita wiki hakuonekana hata paa mmoja mchana. Tukiamka tunakuta majani yameliwa na vinyesi vibichi, wenyewe hawapo. Sheikh akaniita. "Ya Seif, we mtulivu. Hawa wengine makelele matupu. Nnataka paa waje mchana, wakae."

Basi nikaanza kuwachunguza. Paa hamwogopi sana mtu anayepita na kazi yake. Anamwogopa mtu anayesimama, na zaidi anayemtazama. Upepo ukitoka kwetu kwenda kwao, hawaji kabisa. Wakija hula pembezoni, upande wa migunga, ili wakigutuka wawe karibu na bonde. Alikuwapo jike mmoja mkubwa aliyekuwa akitangulia, anapiga mguu chini, na wenzake wanangoja mpaka yeye aanze kula. Nikawakataza wafanyakazi wasisogee kule. Nikawa napita peke yangu, kila siku baada ya sala ya alasiri, njia moja, kanzu moja, mundu mkononi, nikizungumza na punda bila kugeuza shingo. Mwezi wa kwanza walikimbia. Mwezi wa pili wakawa wananyanyua vichwa tu. Wa tatu, Dada, nilipita hatua ishirini kutoka kwao nao wanatafuna. Niliona fahari, siwezi kukuficha. Nilijiona kama nimepata watu wangu.

Kisha wageni wakaja. Walijificha nyuma ya ukuta wa birika, na Sheikh akaniambia nipite kama kawaida yangu na nizungumze. Nikapita, nikizungumza na punda. Paa wakatoka kwenye migunga, mmoja mmoja, wakainamisha vichwa. Bunduki ikalia na yule jike mkubwa akaanguka. Wengine hawakukimbilia bondeni. Walikimbilia upande wangu.

Sheikh alinisifu mbele ya wageni, akanikatia paja zima. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalifukia.

Sasa nakwambia kwa nini. Kila barua yenu Mama ananiuliza kama Nassor amefika Maskati, kama kuna mtu aliyemwona Dubai, labda Mombasa. Na kila mara nawajibu kuwa sijasikia habari zake. Nimewadanganya miaka mitatu, na wa nne unaingia. Kaka yetu hakupanda chombo chochote.

Siku zile za mapinduzi wewe na Mama mlikuwa mjini, sisi wawili tuko shamba. Nassor alijificha kwenye mihogo na mimi nikawa nampelekea chakula. Siku ya nne wakaja watu wenye silaha, na kati yao mtu aliyewahi kula nyumbani kwetu. Jina lake siliandiki. Aliniambia kwa upole, "Mwambie atoke, hapana atakayemgusa. Anaandikwa jina tu, kisha anarudi kwake." Hawakujua yuko wapi, Dada. Ningenyamaza wangekwenda zao. Lakini nilimwamini. Nilisimama njiani nikaita, "Nassor! Toka, kumeshapoa!" Akatoka anacheka, majani ya mihogo yamemganda kichwani. Akasema, "Nlijua ni wewe, mwengine nsingemtokea." Hakusema neno jengine baada ya hilo.

Baada ya uwindaji paa walipotea siku tisa, nikafurahi, nikasema wamepata akili. Siku ya kumi walirudi. Nilipita na punda, na hawakunyanyua hata kichwa. Sheikh amefurahi mno na wageni wanakuja tena Ijumaa hii. Leo alasiri nimeingia katikati ya qatti, nikawarushia mawe na kupiga makelele mpaka sauti ikanikauka. Walikimbia kidogo, wakasimama, wakanitazama, wakawa wanangoja niache. Mmoja nilimpiga mbavuni kwa jiwe kubwa, nikasikia lilivyompata, na nikalia kama mtoto. Ndipo walipokwenda. Kesho nitarudia, na kesho kutwa. Sheikh akijua atanifukuza, nami nitakwenda Hamriya kutafuta kazi kwenye maduka.

Nassor nilimzika mwenyewe, jua likizama. Nilimwosha kwa maji ya kisima chetu na sanda yake ni kanzu yangu nyeupe. Yupo pale mihogo inapokutana na mikarafuu, na kichwani nimeweka jiwe la matumbawe. Mama hajamsomea hitma kwa sababu bado anamngoja. Mpeleke akalione kaburi. Usimwambie nusu ya habari hii, Dada, mwambie yote. Mwambie na aliyemwita ni nani.

Nisalimie Ami Khalfan, aliyetulea baada ya Baba, na umwambie dua yake naihitaji. Nisalimie Shangazi Moza, na mikono yake inayokanda visheti. Watoto wako wabusu, hata yule mdogo nisiyemjua sura.

Na Salma, ambaye kila barua namwandika katika salamu kuwa mke wa Nassor. Alikuwa na miaka ishirini siku zile, na watu waliokuja kumposa amewarudisha wote, anasema ana mume safarini. Mwambie hana mume. Mwambie nilijua, na nikamwacha akae.

Mdogo wako,
Seif