Beseni la Makambi

Jumatatu, 18 Agosti

Ulikuwa wapi, wewe daftari? Tangu palizi hujaonyesha uso. Umelala chini ya godoro kama mgonjwa, na mimi maneno nimwambie nani? Herufi zenyewe nilijifunza uzeeni kanisani. Ukikaa mbali hivi zinanitoroka.

Haya. Tuko kwenye makambi ya kanisa, msituni juu ya Manga. Mahema, nyimbo, baridi. Maji ya kijito. Nimekuja na mjukuu wangu Moraa, miaka mitano, anakula kama mchimba kisima. Ananiita Magokoro, yaani bibi, na kambi nzima imeiga.

Jioni ugali na mboga ya chinsaga. Beseni la kunawia limezunguka kama kawaida, wazee kwanza, watoto mwisho. Mama Bosire wa Ikonge hakutia mkono. Amejimwagia maji yake kwa kikombe, pembeni. Nimemwona.

Jumanne, 19 Agosti

Leo tena. Beseni limefika kwake, akalipitisha. Mikono yetu ina nini? Hata maji ya kunywa anachemsha yake, kwenye sufuria yake, na mfuniko juu. Na ndiye anayetupakulia. Mtu wa kujitenga hivyo ana jambo.

Jioni watoto wa hema la pili wanatapika. Sijashangaa.

Jumatano, 20 Agosti

Moraa. Ameanza alfajiri. Anahara maji matupu.

Nusu ya kambi inakimbilia vichakani. Mama Bosire hana hata kiungulia. Mama Nyanchama, jirani wa hema, amesema, "Huyo anajua alichopakua." Mimi nikamzidi. Nimesema afukuzwe. Amesikia. Ameendelea kukoroga uji.

Mvua. Boda boda hazipandi. Zahanati iko chini kabisa.

Alhamisi, 21 Agosti

Macho ya Moraa yameingia ndani. Analia bila machozi. Hajakojoa tangu jana. Naogopa, basi.

Mama Bosire akaja na jagi. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Nikaziba mlango wa hema kwa mwili wangu, na mwili ninao.

"Kunywa wewe kwanza."

"Magokoro, nikimaliza mtoto atakunywa nini?"

"Kunywa."

Akanywa kikombe kizima, ananitazama tu. Hakukasirika. Hilo limeniuma kuliko matusi.

Nikampisha. Kijiko kimoja, tunangoja. Kingine. Akitapika tunampumzisha kidogo, tunaanza upya. Mchana kutwa, sisi wawili tumepiga magoti kwenye matope.

Nikamuuliza habari ya beseni. Akasema mtoto wake wa kwanza alimzika kwa kuhara. Tangu siku ile hatii mkono kwenye maji aliyotia mwingine. Aliona aibu kutuambia, sisi wakubwa wake.

Nikalifikiria beseni. Watu wote wale, wametoka vichakani, hakuna sabuni, maji ni yale yale. Moraa ananawa mwisho, halafu anamega ugali. Nilikuwa nampaka uchafu wa kambi nzima mimi mwenyewe, na kumsifu kwa adabu.

Jioni amekojoa. Nimecheka kama mwehu.

Ijumaa, 22 Agosti

Mvua imekatika. Tumeteremka kwa boda boda, Moraa katikati, jagi mkononi. Nesi amempima. Amesema bila kile kinywaji asingefika. Tuendelee nacho, na chakula asinyimwe.

Nimerudi kambini nikawaita wanawake. Nimewaambia nilimsingizia Mama Bosire, na aliyenifuata amesingizia pia. Mama Nyanchama ameangalia viatu vyake.

Sabato, 23 Agosti

Moraa amekula ndizi mbili.

Beseni nimelitoboa kwa msumari wa moto, nikalitundika mtini. Maji yanachirizika, kila mtu anakinga mikono yake, sabuni iko kwenye kamba. Wazee wamenung'unika. Wanung'unike wakiwa safi.

Nimekaa na Mama Bosire wakati wa chakula. Moraa amelala mapajani mwake, sio mwangu. Nimemwacha alale.

Na wewe daftari, ukirudi chini ya godoro usingoje mtu augue ndipo utoke. Anayekufungua anawe kwanza. Maji ya kumwaga, na sabuni.