Lori Lisilojua Msiba

Jumanne, 8 Julai 2025
Vumbi! Nimefagia mara mbili na ugali bado una mchanga. Zamani madereva wa mgodi walidai boza limwage maji barabarani, maana hawakuona mbele. Sasa malori yanajiendesha, yanaona hata ndani ya vumbi — basi boza limeondolewa. Sisi wenye mapafu tule tu! Kule kwenye nyumba za mabosi wametia lami. Jirani yangu Limi kakohoa mchana kutwa. Nimempelekea uji, kaonja tu. Nikamfokea. Akacheka: hata nikifa utanigombeza.

Jumamosi, 12 Julai
Mkutano. Kijana wa mgodi, Donatus, anasema lori halilewi, halichoki, likiona mtu linasimama. Nikamuuliza: baba, barabara yenu imekata boma la Limi katikati. Nyumba huku, kaburi la mumewe ng'ambo, uzio pande zote mbili. Atapitaje? Eti atumie kivuko cha mjini. Nusu siku kwa miguu! Eti ramani imeshapitishwa. Na nani? Hakuna aliyekuja kutuuliza tunapita wapi.
Limi kaninong'oneza: usiniache upande huu.

Jumapili, 20 Julai
Limi amefariki. Alfajiri. Siwezi.

Jumatatu, 21 Julai
Naandika hapa hapa barabarani, karatasi gotini.
Wanaume walitaka tuzungukie mjini. Nikasema hapana! Mjukuu wa Limi, Paschal, kakata uzio. Huyu aliendesha malori hayo hayo kabla hawajamfukuza. Enzi hizo akikuta jeneza alikuwa anazima injini, anashuka, anavua kofia.
Tumeingia na jeneza. Lori likaja — likasimama, kweli. Nikasubiri lizime. Wapi! Linanguruma mbele ya maiti, taa zinawaka, hakuna wa kushuka. Nikawaambia wabebaji: mwekeni chini. Wanawake tumetandika kanga, tumekaa naye. Malori yamejipanga hadi mlimani. Uzio wa ng'ambo bado mzima.
Donatus kaja mbio. Shikamoo Bibi! Sikuitikia. Eti turudi, tumesimamisha mgodi mzima. Nikamwambia: zima lori lako, vua kofia, fungua uzio, tumzike mwenzetu. Eti yeye hawezi kulizima, linaendeshwa kutoka ofisini. Basi piga simu ofisini!
Anapiga. Namsikia: kuna kizuizi barabarani.
Kizuizi!
Nimesimama, nimemsogelea usoni. Nimemwambia awatajie jina: Limi, mke wa Maige.
Simu yake iko sikioni. Kofia bado iko kichwani.