Kila Mfereji na Ukuta Wake

Jumatatu, 7 Julai
Ofisini, hapa mjini Mpemba. Chai, jedwali, jedwali tena. Vipimo vyangu vya mifereji miwili: wa saruji wa Galula, wa udongo wa Mbangala. Mkuu wa ofisi kaandika kwenye ripoti kwamba Mbangala maji yanasukasuka mno ukutani, mfereji utamomonyoka. Ufungwe Jumanne ijayo, tarehe 15. Miche ya vitunguu iko kitaluni. Bila maji itakufa.

Jumanne, 8 Julai
Nimeona alichofanya mkuu. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Msukosuko wa maji hausomwi mtupu. Unagawanywa kwa kasi ya msuguano, yaani kadiri ukuta unavyoyashika maji. Kila ukuta na wake. Yeye kagawanya mifereji yote miwili kwa msuguano wa saruji! Mbangala kila kaya husiriba kipande chake kwa viganja, alama za vidole zinabaki. Ukuta ule unakwaruza. Ukiupima kwa saruji laini, lazima uonekane kichaa. Uonevu mtupu. Na mkuu anaitwa mtaalamu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwambia mkuu mbele ya watu. Alifungua daftari langu la shambani, akanionyesha.

Mteremko wa maji, Mbangala: "kama Galula."

Mwandiko wangu. Msuguano wa ukuta hukokotolewa kwa mteremko na kina cha maji, ndiyo maana Mbangala ikapewa ule wa saruji. Siku ile bodaboda alikuwa akipiga honi, nikaandika bila kupima, nipate kuondoka. Mkuu hakukagua, hilo ni lake. Ila uongo ni wangu. Najichukia.

Ijumaa, 11 Julai
Mbangala kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye meno. Mama Nakamba, msimamizi wa mfereji, nimemweleza bila kuzunguka.

"Kumbe ni wewe, mwanangu."

Basi. Ingekuwa afadhali angenitukana. Akashika upande mmoja wa mpira wenye maji wa kupimia usawa, mimi mwingine, tukashuka na mfereji mpaka mwisho. Mteremko si kama Galula. Umezidi mara mbili. Kigingi changu cha kupimia kilibomoa ukuta kidogo. Akanipa udongo, nikasiriba.

Jumanne, 15 Julai
Nimegawanya kila mfereji kwa ukuta wake. Mistari miwili ya grafu imelaliana. Mbangala haina kosa.

Ripoti mpya imetoka. Chini ya jedwali kuna jina langu, na kosa langu. Mkuu hajataja lake. Nimeliacha hivyo.

Mama Nakamba kapiga simu. Maji hayakufungwa, wanapandikiza leo. Kiraka changu kimeshika. Amesema alama ya kiganja changu inaonekana, ndogo kuliko zao.