Siku Wakili Machozi Alipokosa wa Kumcheka

Wadi Kabir, Maskati
Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, na ule mguu umepungua uvimbe, na dawa ya kuchua niliyompa Bi Moza akuletee imeshafika. Mimi kwa mwili ni mzima, nakula na nalala. Kwa mengine si mzima, na ndiyo haya ninayokuandikia. Yasome mwenyewe, mama, usimpe mtu akusomee, kwa sababu na wewe umo.

Nilikusimulia kwenye simu habari za Wakili Machozi, ukacheka mpaka ukakohoa. Ilianza na vitabu. Shemeji yangu Salim, anayesoma Japani, alimletea dada yake Asya hadithi za michoro za huko, za wakili mmoja mfupi ambaye hulia mahakamani kabla mteja wake hajalia, mpaka hakimu anambembeleza akae. Hakuna hapa nyumbani anayejua herufi yao hata moja, tukawa tunatazama picha tu. Vitabu vyenyewe hufunguliwa kutoka kulia kama vyetu vya chuoni, na Asya akasema kumbe Wajapani nao wamepitia kwa maalim.

Mwaka huu dishi likatuletea mchezo wenyewe kwenye televisheni. Ni hadithi zile zile za vitabuni, sasa zinachezwa na watu wa kweli, na wametiwa sauti za Kiarabu. Si Kiarabu cha sokoni, ni kile cha vitabuni, ambacho Shangazi hakishiki hata nusu. Asya naye husikia maneno, utani unampita. Mimi ndiye niliyekisoma, kwa jasho lako na la marehemu baba, basi nikawa mkalimani wa nyumba.

Kila Jumatano baada ya alasiri walikuwa wanakusanyika. Shangazi kwenye godoro lake, Asya miguuni pa mamake, na majirani zetu wawili, Wazanzibari wenzetu, wanakuja na birika zao za kahawa. Nami sikuwa nafasiri tu, mama, nilikuwa nacheza. Hakimu nilimpa sauti ya mwalimu mkuu wetu wa zamani. Shahidi muongo nilimpa sauti ya yule muuza samaki wa Qantab anayepita mtaani akiapa kwamba changu wake ametoka majini sasa hivi. Shangazi alikuwa anajifuta machozi kwa mtandio na kuniambia Mungu amempa binti, hakumpa mkwe. Nilimpenda sana mtu yule. Tangu aliponiposa kwa kaka yake kwa ajili ya mwanawe, na kunichukua kutoka mikononi mwako, sikuwahi kumwita mama mkwe. Alikuwa Shangazi yangu, damu ya baba.

Mume wangu Nassor hakuwepo Jumatano. Jumatano na Alhamisi alikuwa na zamu kwenye mtambo wa maji, na huko huko alikuwa analala. Ijumaa asubuhi anarudi kuoga na kuvaa kanzu ya msikitini. Ndivyo nilivyoambiwa, na sikuwa na sababu ya kuuliza. Ile nyumba yetu ya Al Amerat ilikuwa bado inajengwa, na kila nikitaka kwenda kuiona, fundi alikuwa amekwenda kwao Uhindini. Lakini vigae vya jikoni nilivichagua mimi. Shangazi alisimama nami dukani akaniambia nichukue vya kijani, havionyeshi mafuta.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa tulikuwa na vitabu, mimi nilikuwa najua kisa gani kitafuata kabla hakijaonyeshwa. Nikakiona kimoja kwenye picha, nikakingojea kwa hamu kama mtoto anavyongojea Idi. Mwanamume mmoja ana nyumba mbili, mke huku na mke kule, na wa kwanza hana habari. Wanawake wale wote wawili, bila kujuana, wanakwenda kwa Wakili Machozi kumshitaki mume anayekosekana nyumbani, naye anachukua kesi zote mbili asijue kwamba mshitakiwa ni mmoja. Siku ya kesi analia huku, anazunguka, analia kule. Nilijitayarisha, mama. Nilikuwa nafanya mazoezi jikoni peke yangu huku nakoroga uji.

Ikafika Jumatano. Yule mume wa Kijapani nikampa sauti ya Nassor. Nilifanya utani tu, kama mke anavyomtania mumewe mbele ya mamake. Nikamfanya aburute maneno kama Nassor, akohoe kama Nassor, na mkewe anapomuuliza alikuwa wapi, aseme zamu ilikuwa nzito, bomba limepasuka, nipatie chai. Nikaenda mpaka mwisho. Nikalia kilio cha wakili kwa pande zote mbili, mkono huku na mkono kule.

Hakuna aliyecheka. Kwenye televisheni walikuwa wanacheka, sebuleni kimya. Nikadhani nimekosea kufasiri. Mmoja wa majirani alikuwa anakitazama kikombe chake. Asya aliinuka akaenda jikoni, nami nikamsikia analia, kilio cha kweli. Mtoto wa watu yule, hata uongo hajui kuushika. Majirani wakachukua birika zao wakaaga kwa haraka, kahawa imo bado.

Nikamuuliza Shangazi nimesema nini kibaya. Akaniambia, "Zima hiyo, mwanangu, ukae."

Nikazima, nikakaa.

"Nassor kaoa," akasema. "Yuko Amerat, na mkewe."

Kwa muda nilikuwa nafikiria vigae tu. Unaona akili ya mtu inavyokwenda? Sikumfikiria mwanamke yule wala sura yake. Nilifikiria mtu anapika kwenye jiko langu la kijani, na kweli mafuta hayaonekani.

Kumbe zile Jumatano zote walikuwa wananikalisha nisiulize. Kicheko kilikuwa cha kweli, Shangazi ameniapia, na mimi namwamini. Lakini walijua. Kila nilipokuwa nawachekesha walikuwa wanajua mume wangu yuko wapi saa ile, na majirani wanajua, na aliyekuwa hajui ni yule anayewafasiria wengine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo zenyewe nilikuwa nimejifunika gubigubi.

Nassor aliporudi Ijumaa hakukana. Alisema dini imemruhusu. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Kiislamu, sina ugomvi na dini, bali anionyeshe ni aya gani iliyomruhusu kunichagulisha vigae vya mke mwenzangu. Akaniuliza kama nitakaa. Nami nikamtolea kanzu yake ya msikitini.

Haya yote ningeyabeba. Wanawake wengi wamebeba makubwa kuliko haya, na wewe umewahi kunitajia majina yao. Lakini nilipomgeukia Shangazi na kumwambia kwamba mama yangu akisikia atanichukua, alinishika mkono. Aliniambia polepole, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo:

"Mamako anajua, Zuwena. Nlimpigia simu mwenyewe. Yeye ndo alonambia nisikwambie, mpaka ushike mimba."

Basi nikakumbuka simu yako ya Idi. Uliniambia nisimwache Shangazi peke yake siku za Jumatano, nimchangamshe. Nilidhani unamwonea huruma mtu mzima.

Jumatano iliyopita waliwasha tena. Asya alikuja mlangoni kwangu, akasimama tu. Nilikwenda kwa ajili yake. Nilikaa nao mpaka mwisho, na sikufasiri hata neno moja. Walikuwa wanatazama watu wanavyolia na kucheka, wasijue kwa nini, na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Nisalimie bibi yangu mzaa baba, umbusu mikono yote miwili. Nisalimie shoga yangu Time mshonaji, mwambie gauni lake nililivaa siku ya Idi na lilinikaa vizuri. Kaka Khamis, mkubwa wetu, msalimie kama hakujua. Kama alijua, usimpe salamu yangu.

Mama, nataka kurudi nyumbani, angalau nikapumue. Sikutukani, na radhi yako bado naitaka. Lakini kabla sijafunga begi, nijibu jambo moja kwa mkono wako mwenyewe: chumba changu kipo, au nacho kina mtu, na mmekubaliana nisiambiwe?

Mwanao,
Zuwena