Jina Langu Kwenye Redio ya Watu

Jumatatu, 4 Februari 1974. Iringa.
Nimesafisha mashine ya kurekodia kwa spiriti. Tope la Kilolo, kijiji nilikokwenda kurekodia redio yetu, limeingia hadi kwenye vifungo. Nimesikiliza tepu ya akina mama wakipalilia mahindi kwa kusaidiana. Desturi yao, anayesimama bure shambani anatiwa ndani ya wimbo. Wamenitia. Kwa Kihehe, na jina langu juu: Festo amekuja na chuma cha kuongea, jembe limemshinda. Nilitaka kukata kipande hicho. Mdundo unavunjika. Nimeacha.

Jumamosi, 9 Februari.
Redio yetu imeurusha wimbo kutoka Dar, nchi nzima. Ofisi imenicheka. Lakini rekodi safi! Sijawahi kufanya bora kuliko hii.

Jumatano, 20 Februari.
Simu kutoka Mbeya. Bwana Hasham, fundi redio: "Ndugu Festo, wimbo wenu nimeusikia stesheni ya nje. Wanasema wa kwao!" Hasira! Nimepiga Dar papo hapo.

Ijumaa, 22 Februari.
Mkuu wetu wa redio, Dar, anakwenda Ulaya. Mkutano wa sheria ya kuzuia kituo kunasa matangazo ya kingine na kuyarusha kama yake. Mfano anautaka. Ila nyimbo za kulimia zinafanana, anasema. Nithibitishe au ninyamaze. Ananiona mshamba.

Jumatano, 27 Februari.
Stesheni ile ya nje imerudia kipindi, saa kumi jioni. Nimeunganisha redio na mashine, nimenasa chote. Mtangazaji wao: wimbo wa kijiji chetu. Kisha akina mama: Festo, jembe limemshinda! Kihehe hawakijui, wameliacha jina langu lilivyo. Nimeruka nikagonga taa. Nani mwingine amewahi kuchekwa kwenye redio ya watu akafurahi hivi? Tepu zote mbili, yangu ya Kilolo na hii ya kwao, zimepanda basi la Dar.

Alhamisi, 14 Machi.
Barua ya mkuu. Anazibeba tepu zote mbili kwenda Ulaya. "Kazi nzuri", kwa mkono wake, si kwa taipu. Nimesoma mara nne. Najivuna, na sioni haya.

Jumapili, 24 Machi. Kilolo.
Nimewaambia akina mama sauti zao zinakwenda Ulaya. Vigelegele. Mama Twilumba, kiongozi wao, akauliza, "Mwanangu, hiyo sheria sisi tumo?"
Nikasema kweli. Inalinda redio. Wao hawamo. Hata mimi, kwenye fomu ya tepu, mahali pa waimbaji, niliandika "wanakijiji" tu.
Tumekaa barazani, mvua inanyesha. Nimeandika majina kumi na manne, nikimuuliza kila mmoja. Kesho yanakwenda Dar. Mama Twilumba alitaka lake liwe la kwanza. Nimeliandika la kwanza.