Debe la Mahindi Yaliyobunguliwa

Ilford, Jumapili

Mjukuu wangu Tumaini,

Hujambo huko Marekani? Sisi wazima. Shangazi yako amebadilishiwa zamu hospitali, sasa tunakunywa chai ya asubuhi pamoja.

Umeniuliza ufanyeje, maana mradi wako wa kumaliza shule umeharibika na wiki ijayo unauwasilisha mbele ya walimu.

Nilipokuwa kidato cha nne kule Morogoro, nasi kila mmoja alitakiwa kufanya mradi wake, la sivyo hamalizi. Nilichanganya mahindi na majivu kwenye debe, nionyeshe kwamba wadudu hawatayagusa. Baada ya miezi mitatu nikafungua, nikakuta yamebunguliwa yote. Nililia. Kisha nikachota mahindi mazuri nyumbani, nikajaza debe la pili, nikayapaka majivu.

Siku ya kuwasilisha, moyo ulikataa. Nikabeba lile la wadudu. Wenzangu wakacheka. Mwalimu wa kilimo, mtu mkali, akachota kiganjani.

"Majivu ya mti gani haya?"

"Sijui, mwalimu. Niliyatoa jikoni tu."

"Mahindi yalikuwa makavu?"

"Sikuangalia."

Nikajua nimefeli. Akanirudishia daftari langu la mradi.

"Andika hayo uliyoniambia sasa hivi. Ndiyo yaliyokuwa yamekosekana."

Niliandika pale pale, nimesimama, naye akanipitisha.

Wewe umeniandikia kurasa mbili nzima kueleza ulipokosea. Nimezisoma mara mbili, mama, na nimeelewa kila kitu. Wapelekee walimu hizo hizo.

Bibi yako anayekupenda